Je, Wajua? Ukuta wa Berlin Uliliwa na Nyundo

Hebu fikiri umelala vizuri, unaamka unakuta mtaa wako umekatwa vipande viwili! Ndivyo ilivyokuwa Berlin alfajiri ya Jumapili, 13 Agosti 1961. Seng'enge ilitandazwa usiku, zege likaja baadaye.

Wajua urefu wa Ukuta huo? Kilomita 155, kuizunguka Berlin Magharibi yote! Kimo mita 3.6, minara ya walinzi zaidi ya 300. Watu wasiopungua 140 walifia hapo.

Lakini mzibie mtu mlango, atatafuta tundu. Mwaka 1964 vijana walichimba njia ya mita 145 chini ya ardhi, wakianzia chini ya duka la mikate lililofungwa. Kwa siku mbili wakapita watu 57!

Januari 1989 kiongozi wa Ujerumani Mashariki, Erich Honecker, alisema Ukuta ungeweza kusimama hata miaka 100. Haukumaliza mwaka!

Sasa sogea karibu, utamu uko hapa. Jioni ya 9 Novemba, msemaji Günter Schabowski aliulizwa na waandishi wa habari: ruhusa mpya ya kuvuka kwenda Magharibi inaanza lini? Akapekua karatasi zake, akajibu kwamba ni sasa hivi. Kumbe ilikuwa ianze kesho yake!

Nani angengoja kesho? Watu walifurika kwenye kivuko cha Bornholmer Straße wakidai lango lifunguliwe. Ofisa wa zamu, Harald Jäger, alipiga simu kwa wakubwa, akapiga tena, wapi! Yapata saa 5:30 usiku akaamuru lifunguliwe, na risasi haikulia hata moja.

Na wajua waliokuja na nyundo na patasi waliitwaje? Wajerumani waliwapa jina la ndege: vigogota wa ukuta! Ko-ko-ko, mchana na usiku. Kitazame kibanzi kimoja kiganjani: huku rangi nyekundu na buluu, maana Wamagharibi walikuwa wameuchora miaka mingi, huku zege tupu lenye kokoto. Watu wa kawaida kabisa, wazee kwa watoto, waliondoka na Ukuta mifukoni!

Ulisimama siku 10,315 mpaka ulipofunguka. Hesabu mwenyewe: tangu 6 Februari 2018, siku za kuishi bila huo Ukuta zimezidi siku ulizowatenganisha watu.