Wadi ya Watoto Inayomkaribisha Mtoto: Yanayohitajika na Nafasi ya Mkazi

Mtoto aliyelazwa kwa homa ya mapafu huhitaji dawa kwa siku kadhaa, nyingi zikiwa za sindano. Siku zote hizo mama yake hulala naye wadini. Ikiwa mahali penyewe pana joto na kelele, hapana pa kujinyoosha wala pa kuanika nguo, na mtoto analia kila amwonapo muuguzi, mama huanza kufikiria kurudi nyumbani mara tu homa inaposhuka. Hapo ndipo penye hatari. Homa kushuka si ugonjwa kwisha, na mtoto anayeondolewa kabla ya kumaliza dawa anaweza kurudi akiwa katika hali mbaya zaidi.

Kwa wakazi wa Kisumu Ndogo na mitaa jirani ya mji wa Malindi, hospitali kubwa ya umma iliyo karibu ni Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Malindi. Makala haya yanaeleza mambo yanayoifanya wadi ya watoto, popote ilipo, kuwa mahali ambapo mtoto anakubali kutibiwa na mzazi anakubali kukaa. Pia yanaeleza jinsi mkazi anavyoweza kuyapendekeza katika mipango ya kaunti.

Kiwango kinachotakiwa

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vinane vya ubora wa huduma kwa watoto katika vituo vya afya. Kiwango cha nane kinahusu mazingira: kituo kiwe na mahali panapomfaa mtoto, pamoja na maji, vyoo, umeme, dawa na vifaa vya kutosha. Kwa hiyo wadi inayomfaa mtoto imehesabiwa pamoja na maji na dawa, si pambo la kuongezwa fedha zikibaki.

Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya huduma ya afya, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu.

Mahali pa mama

Uingereza ya zamani iliwazuia wazazi kukaa na watoto wao hospitalini, wakaruhusiwa kuwaona kwa saa chache tu. Mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wakati wowote, baada ya kuonekana kwamba kutenganishwa kunawaumiza. Huku kwetu mama kulala na mtoto wadini ni jambo la kawaida. Linalokosekana mara nyingi ni nafasi yake katika mpangilio wa wadi.

Nafasi hiyo haihitaji mengi. Ni kiti cha kuegemea au godoro jembamba kando ya kitanda, kabati dogo la kuwekea leso na vyombo, bafu lenye mlango unaofungika, kamba ya kuanika nguo juani, na mahali pa kupashia uji. Pia kuwe na benchi kwa baba au nyanya anayekuja kumpokea mama. Familia nyingi za mjini hutegemea kibarua cha siku, na mama asiyeweza kupokewa zamu hulazimika kuchagua kati ya kazi na kitanda cha mtoto.

Hewa na mwanga

Pwani ina bahati ya upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huchukua nafasi yake kuanzia Aprili. Wadi yenye madirisha pande mbili zinazoelekeana hupitisha hewa bila gharama ya umeme. Hewa hiyo hupunguza joto na pia hupunguza kuambukizana kifua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unapendekeza lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wadi za kawaida zinazotegemea upepo. Dirisha lililozibwa na kabati au rundo la maboksi linamnyima mtoto hewa hiyo. Madirisha yakiwa wazi, kila kitanda kiwe na chandarua, na mahali pa kukitundika pasizuie mwanga.

Mfano wa karibu uko Entebbe, Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Hospitali ya upasuaji wa watoto ya shirika la Emergency, iliyofunguliwa mwaka 2021, ina vitanda 72. Iliundwa na mchoraji majengo Renzo Piano, na kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, udongo uliochimbwa hapohapo. Kuta nene za aina hiyo huzuia joto la nje, na majengo yenyewe yamezunguka bustani ya miti. Malindi ina mawe ya matumbawe na miti yake. Linaloweza kuigwa ni fikra ya kutumia kilichopo na kumpa mtoto kitu cha kijani cha kutazama.

Rangi na picha

Rangi zina faida, lakini zina masharti. Sehemu anapopimwa mtoto inafaa iwe na rangi nyeupe au hafifu na taa nyeupe. Kuta za manjano au buluu kali zinaweza kumfanya mhudumu asitambue macho yaliyogeuka manjano au midomo iliyogeuka buluu kwa kukosa oksijeni. Rangi kali ziwekwe kwenye korido na mahali pa kuchezea. Rangi yoyote itakayotumika iwe haina risasi, kwa sababu risasi hudhuru ubongo wa mtoto.

Picha zichorwe pale macho ya mtoto yanapofika. Mtoto aliyelazwa chali hutazama dari, kwa hiyo picha moja juu yake humfaa kuliko kumi zilizo mlangoni. Watoto wa hapa wanawajua kasa wa Watamu, vipepeo wa Gede, mashua na mbuyu. Picha hizo pia zinaweza kuwa alama za njia: nyanya asiyesoma akiambiwa “mjukuu wako yuko chumba cha kasa,” atafika bila kuuliza mara tatu.

Chumba cha sindano

Kitanda cha mtoto kiwe mahali pa usalama. Kuchomwa sindano, kutolewa damu na kusafishwa vidonda kufanyike katika chumba tofauti inapowezekana, mama akiwa amempakata. Mtoto akishajua kwamba kitandani haumizwi, hulala na hula vizuri zaidi. Chumba kikikosekana, pazia linalovutwa husaidia, kwa sababu watoto wengine hawataona na kuanza kulia kabla ya zamu yao. Mtoto pia aelezwe ukweli: “Mwanangu, itauma kidogo, halafu itaisha.” Akiambiwa haiumi, hatamwamini muuguzi mara ya pili.

Mchezo ni sehemu ya matibabu

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unatambua haki ya kucheza katika Kifungu cha 31. Madaktari wana sababu yao pia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu utapiamlo mkali unataka mtoto achezeshwe kwa utaratibu dakika 15 hadi 30 kila siku, kwa sababu chakula peke yake hakimrudishii uchangamfu wake. Mtoto anayecheza huonyesha kwamba anapata nafuu. Aliyeacha kucheza ghafla anafaa kutazamwa upya.

Mjini Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Kituo cha Sally Test kina wahudumu ambao kazi yao ni kucheza na watoto waliolazwa na kuwaandaa kwa matibabu. Mahali padogo pa kuanzia ni kona moja yenye mkeka wa plastiki unaofutika. Vitu vya kuchezea viwe vya kuoshwa na kutiwa dawa kila baada ya kutumiwa. Midoli ya manyoya isishirikishwe, kwa kuwa hubeba maambukizi. Chupa tupu zilizofungwa vizuri, vikombe vya kupanga na vifuu vilivyolainishwa vinatosha, mradi kisiwepo kipande kidogo ambacho mtoto anaweza kumeza.

Fedha na nafasi ya mkazi

Vituo vya afya vya kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya mwaka 2023 inaruhusu vituo vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia kuboresha huduma. Mambo madogo kama rangi, feni na kamba za nguo yanaweza kuingizwa katika mpango wa hospitali yenyewe. Ujenzi wa wadi au bafu jipya hupitia bajeti ya kaunti.

Bajeti hiyo ina tarehe zake:

• Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1.
• Taarifa ya mkakati wa fedha hufikishwa kufikia Februari 28.
• Makadirio ya bajeti hufikishwa kufikia Aprili 30.
• Mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Maoni ya wananchi huchukuliwa kabla ya kila hatua. Mkazi anaweza kuyatoa katika kikao cha hadhara, kwa maandishi, au kupitia mwakilishi wadi. Wahamasishaji wa afya ya jamii na wazee wa mtaa wanaweza kusaidia kuyakusanya.

Maoni yenye nguvu hutaja kitu na mahali. “Wadi iboreshwe” ni vigumu kuingiza katika bajeti. “Wadi ya watoto ipate bafu la akina mama, pazia la chumba cha sindano na kona ya kuchezea” ni orodha ambayo ofisa anaweza kuiwekea bei. Mzazi aliyelala wadini juzi ndiye anayeijua orodha hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, na kikao cha bajeti kinahitaji kumsikia.