Watu 89 wa New York

Aprili 2021, Ofisi ya Sensa ya Marekani ilipotoa matokeo ya sensa ya mwaka uliotangulia, New York ilijikuta imepoteza kiti kimoja katika Baraza la Wawakilishi kwa upungufu wa watu 89. Si 89,000. Watu 89, ambao hawajazi mabasi mawili, katika jimbo lenye wakazi zaidi ya milioni 20. Wangepatikana hao, kiti kingebaki New York, na Minnesota ndiyo ingelia.

Na New York haikuwa imepungua. Katika miaka kumi hiyo iliongeza watu zaidi ya 800,000. Majimbo mengine yaliongezeka kwa kasi zaidi, na viti havizidi 435, idadi iliyoshikiliwa tangu 1913 (Alaska na Hawaii zilipojiunga viliongezwa viwili kwa muda, kisha vikarudishwa palepale). Sinia ni lilelile, walaji ndio wanaozidi. Kila baada ya sensa viti hugawanywa upya, na jimbo linalokua polepole hunyang'anywa hata kama halikupoteza mtu.

Kiti kikihama, urais nao huguswa. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe 538. Kila jimbo lina wajumbe sawa na viti vyake vya Baraza la Wawakilishi, jumlisha maseneta wake wawili. Mji mkuu, Washington, una watatu. Anayefikisha 270 ameshinda. Karibu majimbo yote humpa mshindi wajumbe wote, awe ameshinda kwa kura milioni au kwa kura moja. Ndiyo maana mimi nikitaka kuuelewa uchaguzi wa Marekani huanza na sensa. Hotuba nazisikiliza baadaye.

Mwaka 1948 New York ilikuwa na wajumbe 47, Florida 8. Leo Florida ina 30 na New York 28. Texas imetoka 23 hadi 40. Viwanda vya kaskazini vilififia na ajira zikafuata ardhi ya bei nafuu na kodi ndogo. Wastaafu walikimbia theluji. Wacuba walioondoka kwao baada ya mapinduzi ya 1959 waliijaza Miami. Kiyoyozi nacho kisidharauliwe: bila hicho, sijui nani angehamia Phoenix kwa hiari yake mwezi wa Julai. Uhamaji huo una bei kwenye siasa. Mwaka 2020 Mdemokrati Joe Biden alipata wajumbe 306. Rudia uchaguzi uleule, kwa kura zilezile, lakini kwa mgawo uliotokana na sensa ya mwaka huo: anapata 303.

Lakini wengi walitazama ni nani wanaoongezeka, wakapiga hesabu ya haraka. Marekani inazidi kuwa na Walatino, Waasia na weusi. Makundi hayo huwapigia Wademokrati. Basi Wademokrati wasubiri tu, nchi itawaangukia mikononi. Mwaka 2002 John Judis na Ruy Teixeira walitoa kitabu kilichobashiri wingi mpya wa Wademokrati, na wasomaji wengi waliusahau upande wa tahadhari, wakabaki na bishara.

Georgia ilionekana kuithibitisha. Kaunti ya Gwinnett, pembeni mwa Atlanta, mwaka 1970 ilikuwa na watu wapatao 72,000, wengi sana wakiwa Wazungu. Kufikia 2020 ilikuwa na 957,000: Wakorea, Wahindi, Walatino, na weusi, wakiwemo wajukuu wa weusi takriban milioni 6 walioondoka kusini kati ya 1910 na 1970, wajukuu ambao sasa wanarejea. Gwinnett iliyowapigia Warepublikani kwa miongo kadhaa ilimpa kura Hillary Clinton mwaka 2016. Miaka minne baadaye Biden aliichukua Georgia kwa kura 11,779, Mdemokrati wa kwanza kufanya hivyo tangu 1992.

Sasa tushuke hadi Starr, kaunti ya Texas iliyo kando ya mto Rio Grande, mpakani na Mexico. Zaidi ya asilimia 95 ya wakazi wake ni Walatino. Kwa ile hesabu ya haraka, hapa Mrepublikani asingehitaji hata kubandika bango. Mwaka 2016 Clinton alishinda kwa tofauti ya takriban asilimia 60. Mwaka 2020 Biden aliponea chupuchupu, kwa asilimia 5. Mwaka 2024 Starr ikampa ushindi Donald Trump, Mrepublikani wa kwanza kuishinda tangu 1892. Hakukuwa na wimbi la wageni waliohamia huko. Watu ni walewale. Kilichohama ni kura zao, kwa sababu ya bei za vyakula, ajira za mafuta na ulinzi wa mpaka, dini, na uchovu wa kuhesabiwa kuwa mali ya chama.

Sensa huhesabu vichwa. Huhesabu watoto na wasio raia pia, ambao hawapigi kura lakini huliongezea jimbo viti. Kati ya 2010 na 2020 Texas iliongeza karibu watu milioni 4, na asilimia 95 ya ongezeko hilo hawakuwa Wazungu. Jimbo likapata viti viwili vipya, na bunge la jimbo lililochora mipaka ya viti hivyo likabaki la Warepublikani. Mwaka 2023 Judis na Teixeira walitoa kitabu kingine, safari hii wakiuliza Wademokrati wamekwenda wapi.

Anayehamia Texas leo hataongeza mjumbe yeyote 2028. Uchaguzi huo utatumia hesabu ya Aprili 1, 2020. Sensa ijayo ni 2030, na mgawo wake utamchagua rais kwa mara ya kwanza 2032.