Maradhi ya Kongosho kwa Mbwa wa Polisi

Mbwa wa polisi afuataye nyayo za wahalifu mjini Kampala hawezi kumwambia askari wake kwamba anaumwa. Hutapika, hukataa chakula, au huinamisha kifua chini huku kiuno kimeinuka. Huenda kongosho limevimba. Kiungo hiki, kilichojificha kati ya tumbo na utumbo, hutengeneza maji ya kusaga chakula. Likivimba, maji hayo huanza kulisaga kongosho lenyewe, na mbwa aweza kufa.

Upo mtambo wa sumaku uwezao kulipiga picha. Hautumii eksirei. Sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, ndugu wa haya yaletayo matangazo, huitikisa haidrojeni iliyomo katika maji ya mwili, na kompyuta huchora picha. Penye uvimbe pana maji mengi, napo huweza kuonekana peupe zaidi.

Lakini mbwa sharti alazwe kwa dawa ya usingizi, jambo la hatari kwa mnyama aliye mahututi. Kwa hiyo, hata penye mitambo hiyo, mganga wa mifugo kwa kawaida hutanguliza kipimo cha damu na cha mawimbi ya sauti.

Na kabla ya mganga yupo askari, aonaye bakuli limeachwa. Asimpe mbwa mabaki ya nyama yenye mafuta kwa huruma, kwani huweza kuamsha maradhi haya. Mbwa akitapika na kususa chakula, apelekwe siku hiyo hiyo, asingojewe zamu ijayo.