Dawa Hufuata Sukari

Sangari ni nyasi inayomkera mkulima wa Bomet na Kericho. Ukiilima kwa jembe, kila kipande cha shina kilichobaki udongoni huchipua upya. Parakwati, dawa ya magugu, huibabua majani kwa siku moja mbili, lakini haifiki chini. Huua seli za jani upesi mno, hata njia ambazo zingeisafirisha zinakufa kabla haijasafiri. Dawa nyingine ya magugu, glaifosati, haina pupa. Kwa siku kadhaa utadhani umeuziwa maji, kisha sangari inageuka manjano na kufa pamoja na mashina yake ya chini.

Kinachoamua safari ni tabia ya dawa yenyewe: inapenda maji au mafuta? Wanakemia huitikisa ndani ya maji na kimiminika chenye tabia ya mafuta kiitwacho oktanoli, kisha hupima imebaki wapi. Deltamethrini, dawa ya wadudu, huelemea upande wa mafuta zaidi ya mara 10,000. Ikitua kwenye jani hunasa katika nta ya ngozi yake na kukaa hapo. Dawa za katikati, zikifyonzwa na mizizi, hupanda kwenye zailemu, mirija ya maji, hadi majanini, ila kurudi chini ni shida.

Glaifosati huelemea maji zaidi ya mara 1,000. Kupenya nta huiwia vigumu, ndiyo maana huchanganywa na viambato mfano wa sabuni. Ikishaingia kwenye floemu, mirija ya sukari, haitoki kwa urahisi. Basi huenda sukari inakokwenda: kwenye mizizi, kwenye mashina ya chini, na kwenye machipukizi.

Hapo ndipo mwenye chai anapaswa kutega sikio. Baridi ya nyanda hizi za juu imetupunguzia wadudu, na chai yetu nyingi hukua kwa mbolea bila dawa za wadudu. Dawa ya magugu, hata hivyo, hutumika, hasa chai ikiwa changa na mistari haijafunga. Tone likipeperukia jani bichi la chai, linaweza kusafiri hadi kwenye majani mawili na kichipukizi, sehemu ileile tunayochuma. Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 2 tu za glaifosati kwa kilo ya chai.

Kwa hiyo nyunyiza sangari ikiwa kijani na inakua, shusha mdomo wa pampu chini ya majani ya chai, na upepo ukivuma, ahirisha kazi.