Mapigo ya Moyo Baada ya Upasuaji na Dalili Zilizomo Damuni

Mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo ndiyo hitilafu ya mapigo inayowapata wengi zaidi baada ya upasuaji wa moyo. Kwa kawaida umeme wa moyo huanzia sehemu ndogo ya chumba cha juu cha kulia, ukasambaa kwa utaratibu, na misuli ikajikaza kwa pamoja. Mpapatiko ukianza, vyumba hivyo hutetema zaidi ya mara 300 kwa dakika bila kusukuma damu ipasavyo. Ukishika mkono wa mgonjwa, mapigo huja kwa kurukaruka: mawili ya haraka, kisha kimya, kisha moja dhaifu.

Hali hii huwapata takriban watu 30 kati ya kila 100 wanaopandikizwa mishipa ya damu kwenye moyo. Wanaofanyiwa upasuaji wa valvu huathirika zaidi, na wanaofanyiwa vyote viwili kwa pamoja hukaribia nusu. Jambo hili linaigusa Afrika Mashariki kwa karibu, kwani wagonjwa wengi hapa hufika kwenye chumba cha upasuaji kwa sababu ya valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo hufuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Mpapatiko huanza zaidi kati ya siku ya pili na ya nne. Mara nyingi hutulia wenyewe, lakini damu iliyotuama ndani ya chumba cha juu huweza kuganda. Bonge hilo likichomoka na kufika kwenye ubongo, huleta kiharusi.

Vichocheo vyake vinajulikana: uvimbe unaofuata upasuaji, homoni za msongo, upungufu wa potasiamu, umri mkubwa. Hata hivyo, wagonjwa wawili wa umri mmoja waliofanyiwa upasuaji wa aina moja huweza kutofautiana. Mmoja akapata mpapatiko, mwenzake akapona salama. Sehemu ya tofauti hiyo imo katika misuli ya moyo tangu kabla ya upasuaji, na hapo ndipo mikroRNA zinapohusika.

MikroRNA ni kipande kifupi cha RNA chenye herufi zipatazo 22. Haitengenezi protini. Kazi yake ni kujishikiza kwenye nakala ya jeni iliyo njiani kwenda kutengeneza protini na kuizuia isitumike. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliigundua katika mnyoo mdogo wa udongoni, wakachapisha matokeo yao mwaka 1993, na mwaka 2024 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Ndani ya moyo, mikroRNA iitwayo miR-21 huchochea makovu katika misuli. MiR-29 huzuia kolajeni, hivyo ikipungua, nyuzi za kovu huongezeka na kuukatiza umeme njia. MiR-1 na miR-26 huathiri vijia vya potasiamu kwenye ukuta wa seli, na miR-328 hupunguza vijia vya kalsiamu. Hivyo mikroRNA hizi zinagusa mambo mawili yanayozaa mpapatiko: makovu na umeme uliovurugika.

Baadhi ya mikroRNA huingia kwenye damu. RNA iliyo wazi huvunjwa haraka na vimeng'enya, lakini mikroRNA husalimika kwa kuwa zimefungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta au zimeshikamana na protini. Kwa hiyo sindano moja ya damu huweza kueleza hali ya msuli usioonekana. Mwaka 2017 watafiti wa London waliripoti kwamba miR-483-5p ilikuwa juu, hata kabla ya upasuaji, kwa wagonjwa waliokuja kupata mpapatiko. Wengine wamekuta miR-23a na miR-26a zikishuka baada ya upasuaji kwa walioathirika.

Upimaji wenyewe unadai uangalifu. Damu huzungushwa kwenye mashine hadi plazma ya manjano ijitenge juu, RNA ikatolewa, kisha ikazidishwa kwa PCR, mbinu ileile iliyotumika kupima UVIKO-19. Plazma ikionekana ya waridi, chembe nyekundu zimepasuka na kumwaga mikroRNA zake, hasa miR-451, na vipimo vimepotoka. Heparini nayo, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo upasuaji wa moyo hauwezi kuikwepa, huizuia PCR isifanye kazi vizuri.

Isitoshe, tafiti nyingi zimehusisha wagonjwa wachache, matokeo yao hayalingani, na mikroRNA kama miR-21 hubadilika katika magonjwa mengine pia. Faida inayotafutwa ni kubwa: kumtambua mapema anayehitaji kinga, na kumwepushia asiyeihitaji dawa kama amiodaroni, inayoweza kudhuru tezi ya shingo na mapafu.

Kwa sasa mikroRNA bado ni chombo cha utafiti. Anayemlinda mgonjwa leo ni muuguzi anayeangalia skrini ya umeme wa moyo, daktari anayepima potasiamu, na mgonjwa mwenyewe. Aliyerudi nyumbani baada ya upasuaji akihisi moyo unarukaruka, au anaishiwa pumzi, asingoje siku ya kliniki. Arudi hospitali siku hiyohiyo.