Nzega na Tabora: Umbali Mmoja, Safari Mbili

Nzega na Tabora ziko umbali mmoja na Dar es Salaam. Msafiri aliyezoea barabara za huko atabisha, lakini hesabu ndiyo isemayo hivyo.

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam uko digrii 39.2 mashariki na 6.9 kusini ya ikweta. Ule wa Tabora, digrii 32.8 na 5.1. Digrii moja ya mzingo wa dunia ni kama kilomita 111, na huku kwetu, karibu na ikweta, digrii za longitudo hazijapungua sana. Basi Tabora iko kilomita 700 na ushei upande wa magharibi, na kama 200 upande wa kaskazini. Kanuni ya Pitagora yatupa takriban kilomita 730. Mji wa Nzega, ulioko digrii 33.2 na 4.2, hauko magharibi sana kama Tabora, bali umezidi kaskazini. Jibu lake nalo ni kilomita 730. (Njia hii isitumiwe kupimia safari ya London: huko ndege hufuata tao la duara kuu la dunia, na ramani bapa hudanganya.)

Ndege ya pangaboi iendayo kilomita 500 kwa saa humaliza umbali huo kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Katika muda huo jua nalo laifuata: adhuhuri ya Tabora huja dakika 25 baada ya ile ya Dar es Salaam, kwani kila digrii ya longitudo ni dakika nne.

Lakini umbali si muda. Burton na Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Kwa mstari ulionyooka, hiyo ni kama kilomita tano kwa siku, mwendo ambao mpagazi wa Kinyamwezi, hata na mzigo begani, angeumaliza asubuhi moja na kubakiwa na nguvu. Kilichokula siku ni homa, hongo za Ugogo, kutafuta chakula, na kungoja wapagazi. Mwaka uliofuata Speke, akiwa na msafara mdogo, alitoka Kaze tarehe 9 Julai, akapita nyika za upande wa Nzega na Kahama, akafika ziwani Mwanza tarehe 3 Agosti: zaidi ya kilomita kumi kwa siku. Miguu ilikuwa ile ile. Vituo ndivyo vilivyopungua.

Hali kadhalika leo. Mgonjwa wa Nzega anayepelekwa Muhimbili kwa ndege ya abiria kutoka Tabora hana budi kwanza kwenda kusini, zaidi ya kilomita 100 za barabara, bila kuikaribia Dar es Salaam hata kidogo. Hapo uwanjani hungoja, kwa kuwa abiria hutakiwa kufika mapema. Ndege ikiruka, amekwisha tumia saa nne au zaidi. Kuongeza mwendo wa ndege kutoka kilomita 500 hadi 600 kwa saa kungempunguzia dakika 15 tu.