Nguzo ya taa si ya kufungia bandrole



Tunafundisha watoto wetu: taa nyekundu, ngoja; taa ya kijani, vuka. Mtoto anayengoja anasimama wapi? Mara nyingi ni chini ya nguzo inayobeba taa. Basi inafaa tujue nini kinaisimamisha.

Adui mkubwa wa nguzo hiyo ni upepo. Nguzo ikiwa na mkono mrefu juu ya barabara, upepo unasukuma kule mwishoni, na nguvu yote inashukia kwenye mguu. Shika jembe kwa ncha ya mpini, ulinyooshe mbele: utasikia namna kiganja kinavyoumia. Ndiyo maana mafundi wanaweka mguu mnene, wanaukaza kwa bolti kubwa zilizoshikwa ndani ya msingi wa simenti na vyuma. Mkono nao uwe juu, kamiyo iliyojaa mizigo ipite bila kuugusa.

Hapa kwetu Congo mwanamke ametuonyesha njia. Mwaka 2013 Kinshasa ilipata roboti za kuongoza magari, zilizobuniwa na mama injenia Thérèse Izay Kirongozi pamoja na shirika lake Women Technologies. Mwili wake ni wa alumini, ambayo haili kutu kama chuma cha kawaida. Ilibuniwa ipate umeme kwa jua, isitegemee umeme wa mtaa.

Sasa tuje kwetu. Machi 8 ikikaribia, au wakati wa kampeni na semina za kanisa, watu wanafunga bandrole kwenye nguzo za taa. Kitambaa kile kinakamata upepo kama tanga la mtumbwi. Nguzo inavutwa na kuachiliwa, inavutwa na kuachiliwa, na chuma kinachopindwa mara nyingi mwishowe kinapasuka, hata kama kila upepo ulikuwa mdogo.

Basi tukubaliane mambo matatu. Bandrole ya chama chetu tutaipandishia miti yetu wenyewe. Watoto wasipande nguzo, wala wasiguse nyaya zilizo wazi. Na ukiona nguzo imeinama, bolti imetoka, au mvua imekula udongo pembeni ya msingi, mwambie shefu wa kartie siku hiyohiyo, na watoto wavukie mbali na pale.